Gia ya kuondokea huchaguliwa kabla hujafunga breki

MOSHI. SIMAMA dakika kumi tu pembeni ya kipilefti ya YMCA mjini hapa, jioni watu wanaporudi makwao, utaangalia mechi isiyo na refa wala VAR. Magari yanayotoka Arusha yanaingia, yanayotoka Himo yanaingia, boda zinapenya katikati kama winga aliyeachiwa uwanja mzima. Kwenye hiyo presha yupo jamaa na baiskeli yake, keria imebeba furushi la majani ya ng'ombe, anavizia nafasi avuke.

Nafasi inapatikana. Anasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, lakini baiskeli inagoma. Inayumba kushoto, inayumba kulia, mguu unarudi chini kwenye lami, na Fuso iliyo nyuma yake inapiga honi ndefu.

Jamaa hana miguu mibovu. Miguu hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka shambani na kumrudisha. Tatizo ni kwamba alifika kipilefti akiwa kwenye gia nzito ya mwendo kasi, akafunga breki hapo hapo, na sasa anataka kuondoka na gia ile ile. Ni sawa na kocha anayemwingiza straika dakika ya 89 bila kumpasha misuli, halafu anashangaa nyama za paja zikimkamata kwenye mbio za kwanza.

Kuna watu wataliona hili ni jambo dogo. Lakini zile sekunde mbili ambazo baiskeli inayumba mbele ya lori, huku dereva akidhani umeshaondoka, ndizo sekunde ambazo mtu anaweza kuzilipia kwa mguu, au kwa maisha.

UKURASA WA SOKA NA BAISKELI, WAPI NA WAPI?

Swali ni halali. Jibu lipo kwenye viwanja vya mchangani. Pita Pasua, Majengo, Njoro au Rau siku ya ndondo, angalia nyuma ya goli. Baiskeli zimelazwa pale, nyingine ya kipa, nyingine ya beki wa kati, nyingine ya kocha mwenyewe. Dogo anatoka kazini, anapanda baiskeli, anafika uwanjani, anabadilisha viatu, anaingia. Kama njia nzima amekuwa akinyonga gia nzito kila anaposimama na kuondoka, anaanza mechi na mapaja ya dakika ya 70.

Kwa hiyo gia ya baiskeli ni sehemu ya maandalizi ya mechi, kama kulala mapema na kunywa maji. Tofauti ni kwamba hakuna anayeifundisha. Mtu ananunua baiskeli ya gia 21, anaambiwa "hii ina gia", basi. Mwezi wa pili unamkuta amechagua gia moja anayoipenda na zile 20 zimepata kutu.

MJI WENYEWE UNA NUSU MBILI

Moshi kwa mwendesha baiskeli ina nusu mbili kama mechi. Nusu ya kusini, ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, ardhi imelala kama kapeti. Huko hata ukikosea gia, baiskeli itajikokota na baadaye itachanganya.

Nusu ya kaskazini ni habari nyingine. Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame, kila barabara inapanda. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Geti la Machame liko takriban mita 1,800, na la Marangu limezidi hapo kidogo. Maana yake, anayetoka mjini hadi getini amepanda kimo cha karibu kilomita nzima, na hapo mlima wenyewe wa mita 5,895 hajauanza.

Asubuhi watu wanateremka na ndizi na madumu ya maziwa kwenda Mbuyuni na Kiboriloni. Hapo gia haina kazi kubwa, nahodha ni breki. Jioni ndiyo kipindi cha pili. Wanapanda na unga, sukari, chumvi, na wengine na majani ya mifugo, kwa sababu ng'ombe wa mlimani wengi wanalishwa zizini na malisho mengine yanatoka tambarare.

Na kwenye kupanda huko husimami mara moja. Gari linapishana na jingine kwenye kona, unasimama. Ng'ombe anavushwa, unasimama. Unakutana na mzee wa ukoo, utampita vipi bila kusimama na kutoa shikamoo? Ukimpita mama mkwe na baiskeli inakwenda, hiyo ni kadi nyekundu ya moja kwa moja. Kila ukisimama lazima uondoke tena, na kila kuondoka kwenye kilima ni mpira wa adhabu. Usipoupanga vizuri unaishia ukutani.

HESABU YA KILO

Twende kwenye namba, maana mashabiki wa soka siku hizi tunapenda takwimu kuliko makocha.

Chukua baiskeli ya gia 21 yenye matairi ya inchi 26, zile zinazoonekana kila mtaa. Mbele ina sproketi tatu, tuseme za meno 42, 34 na 24. Nyuma zipo saba, kuanzia ndogo ya meno 14 hadi kubwa ya meno 28. Mkono wa kushoto kwenye usukani unaendesha zile tatu za mbele, mkono wa kulia unaendesha zile saba za nyuma.

Kanuni ni fupi. Mbele, sproketi kubwa ni nzito. Nyuma ni kinyume chake, sproketi kubwa ndiyo nyepesi. Kwenye baiskeli nyingi namba 1 ni nyepesi kabisa pande zote mbili.

Ukiweka 3 mbele na 7 nyuma, yaani meno 42 kwa 14, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda kama mita 6.2. Ukiweka 2 na 3, meno 34 kwa 22, mzunguko mmoja ni mita 3.2 hivi. Ukiweka 1 na 1, meno 24 kwa 28, unapata chini kidogo ya mita 1.8.

Mtu anaweza kusema mita 6.2 ndiyo dili. Ngoja kwanza. Kila mita unayoipata kwa mzunguko unailipia kwa nguvu ya mguu, na wakati wa kuondoka bado huna mwendo wa kukusaidia.

Jamaa wa kilo 60 akisimama na uzito wake wote juu ya pedeli moja, mkono wa pedeli ukiwa umelala mbele, kwenye gia ya 3 na 7 tairi la nyuma linasukuma kwa nguvu ya kama kilo 10 tu. Kwenye 2 na 3 anapata kama kilo 20. Kwenye 1 na 1 anapata kama kilo 36. Mguu ni ule ule, uzito ni ule ule, kilichobadilika ni gia.

Sasa mpeleke Kibosho. Yeye kilo 60, baiskeli 15, mzigo 50, jumla kilo 125. Kwenye kilima cha asilimia 10, yaani kila mita 100 za barabara zinampandisha mita 10, mlima unamvuta kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 12 na nusu. Yeye na gia yake nzito ana kilo 10. Ameshafungwa kabla ya filimbi, hata angekuwa na mapaja ya Roberto Carlos.

Kuna kitu kingine. Zile namba ni za wakati pedeli imelala mbele. Pedeli ikifika juu kabisa au chini kabisa, kukanyaga chini hakuleti msukumo. Baiskeli ikiwa na mwendo, inapitiliza hapo bila wewe kujua. Ukiwa unaondoka kwenye kilima, mwendo haupo, kwa hiyo lazima hatua ya kwanza iwe na nguvu ya kukuvusha hadi mguu wa pili upokee. Ndiyo maana wengi wanaanguka kwenye pedeli ya pili, siyo ya kwanza. Ya kwanza iliwaondoa, ikaishiwa pumzi katikati.

NYEPESI KUPITA KIASI NAYO NI TATIZO

Usije ukadhani dawa ni kuweka 1 na 1 kila mahali. Barabara tambarare, ukiondoka na gia nyepesi kabisa, mguu unadondoka chini kama umekanyaga hewa. Baiskeli inasogea chini ya mita moja, pedeli imeshafika chini, na hujapata mwendo wa kukupa balansi. Miguu inazunguka kama feni, wewe huendi popote, na usukani unacheza. Mbele ya gari hiyo ni noma vile vile.

Gia sahihi ya kuondokea tambarare ni ya katikati. Kwenye hiyo baiskeli ya mfano, 2 mbele na 3 nyuma. Mguu unapata kitu cha kusukuma, baiskeli inakwenda mita moja na nusu kwa nusu mzunguko, na mguu wa pili unapokea bila haraka. Ukiwa na mzigo, shuka gia moja. Kwenye kilima, weka 1 mbele na 2 nyuma. Kilima kikali na mzigo mzito, hapo ndipo 1 na 1 inafanya kazi yake.

Baiskeli yako inaweza kuwa na meno tofauti na ya mfano huu. Hesabu mwenyewe, dakika tano zinatosha.

KIUNGO MZURI HUANGALIA KABLA YA PASI

Hapa ndipo kiini cha habari yote kilipo. Gia ya kuondokea huchaguliwi ukiwa umesimama. Unaichagua wakati bado unatembea, sekunde chache kabla ya kufunga breki.

Sababu ni ya kiufundi. Gia nyingi za baiskeli hubadilika kwa mnyororo kuhamishwa kutoka sproketi moja kwenda nyingine, na mnyororo hauhami mpaka uwe unazunguka. Ukishasimama, bonyeza unavyotaka, utavuta waya tu. Mnyororo utabaki pale pale. Halafu utakapokanyaga pedeli kwa nguvu, ndipo utaamua kuhama, tena kwa kishindo, huku uzito wako wote uko juu ya mguu mmoja. Ukiruka, mguu unatumbukia na unakutana na bomba la fremu mahali ambapo mwanaume hapendi kukutana nalo. Zipo baiskeli zenye gia ndani ya habu ya nyuma, hizo unaweza kubadilisha ukiwa umesimama, lakini si hizi za gia 21 tunazozizungumzia.

Xavi Hernandez alipokuwa Barcelona, alisifika kwa kugeuza kichwa huku na huku kabla mpira haujamfikia. Pasi ikija, yeye ameshajua anaipeleka wapi. Kiungo anayesubiri mpira ufike ndipo aanze kufikiri, anakabwa. Mwendesha baiskeli ni vile vile. Ukiona kipilefti mbele, ukiona basi limesimama, ukiona mzee wa shikamoo kwa mbali, huo ndio muda wa kushusha gia.

Namna yake ni hii. Acha kusukuma kwa nguvu, lakini miguu iendelee kuzunguka taratibu. Shusha gia moja moja kwa mkono wa kulia, usirukie tatu kwa mpigo. Ukisikia mnyororo umetulia, ongeza nyingine. Kama unakwenda kusimama kwenye kilima, shusha na ya mbele mapema zaidi, kwa sababu ya mbele haipendi kubadilishwa wakati mguu unasukuma sana. Baada ya hapo funga breki. Ukisimama, gia iko tayari, wewe kazi yako ni kuangalia magari tu.

ROGLIČ NA SEKUNDE 14

Kama bado unaona hili ni jambo la watu wa mtaani, twende Italia. Mei 27, 2023, hatua ya 20 ya mbio za Giro d'Italia. Kila mwendeshaji anakwenda peke yake dhidi ya saa, kilomita 18.6, na mwisho ni kupanda Monte Lussari, njia nyembamba yenye mwinuko unaozidi asilimia 10. Kwa lugha yetu ilikuwa fainali, maana iliyobaki kesho yake ilikuwa hatua ya kufungia mashindano.

Primož Roglič wa Slovenia alikuwa nyuma ya Geraint Thomas wa Uingereza kwa sekunde 26. Katikati ya kilima, mnyororo wa Roglič ukaruka. Akasimama. Akashuka. Akaurudisha kwa mkono, na ikabidi aondoke upya kutoka sifuri kwenye mwinuko ambao wengi wetu tungeusukuma baiskeli kwa mguu.

Shabiki mmoja alikimbia akamsukuma mgongoni. Baadaye ilijulikana kwamba huyo shabiki aliwahi kuwa mwenzake enzi Roglič akiwa mchezaji wa kuruka kwa skii. Msukumo ulisaidia, lakini shabiki hakusukumi hadi kileleni. Kilichombeba ni kwamba alikuja siku ile na gia nyepesi, sproketi moja mbele na rundo la sproketi kubwa nyuma, tofauti na zilizozoeleka kwenye mbio za saa. Mguu ulipokanyaga, baiskeli ikaitika.

Roglič alishinda hatua ile kwa sekunde 40 dhidi ya Thomas, na akachukua Giro kwa tofauti ya sekunde 14. Jaribu kufikiria angekuwa na gia ya kujionyesha, ile ya kuonekana mwanaume. Sekunde 14 zinaisha ukiwa bado unayumba.

KIGALI WALIONA, NAIROBI WALIMLEA

Hapa jirani, Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume za Septemba 28 zilikuwa za kilomita 267.5, kupanda na kushuka vilima vya mji ule, pamoja na barabara ya mawe ya Kimihurura. Tadej Pogačar akashinda. Waliomaliza ni 30 tu, wengine wote walikunja jamvi njiani. Hao ndio mabingwa wa dunia, na hakuna hata mmoja aliyekuja Kigali bila gia nyepesi.

Zamani mabingwa wa baiskeli walikuwa wakipanda milima na meno 39 mbele kwa 23 au 25 nyuma. Leo sproketi ya nyuma ya meno 30 hadi 34 si kitu cha ajabu kwenye mbio kubwa. Miguu ya wachezaji haijadhoofika. Wamegundua kwamba kuzungusha haraka kwa gia nyepesi kunaokoa msuli.

Mtoto wa Afrika Mashariki alikuwa miongoni mwa waliolionyesha hilo waziwazi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunzia baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa anaiwakilisha Uingereza. Mwaka 2013 kwenye mlima wa Mont Ventoux aliwaacha wenzake akiwa ameketi kwenye siti, miguu inazunguka fasta kama cherehani.

Na mlima wetu nao una habari yake. Njia ya Kilema, ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, ndiyo wanayoitumia wanaopanda mlima kwa baiskeli. Huko juu, hewa ikiwa nyembamba, kila kusimama na kuondoka kunakata pumzi, na asiyejua gia anaisukuma baiskeli kama toroli.

VIPI KUHUSU PHOENIX?

Najua msomaji wa Kahe au Mabogini ameshakunja uso. Yeye ana Phoenix, gia moja, habari ya 1 na 1 haimhusu. Hapana, inamhusu sana.

Chris Hoy wa Uingereza alipochukua dhahabu ya mbio za kilomita moja kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, baiskeli yake ilikuwa na gia moja tu, na aliondoka kutoka kusimama. Wa uwanjani wote wako hivyo. Wanachagua kabla ya mbio, gia nzito kidogo itakayokupa kasi mwishoni lakini itakuumiza mwanzoni, au nyepesi itakayokutoa haraka lakini itakuishia mbele. Wakishachagua, hawabadilishi hadi mwisho.

Mwenye Phoenix naye anachagua, ila anachagulia kwa fundi. Tuseme mbele una meno 44 na nyuma 18. Mzunguko mmoja unakupeleka zaidi ya mita tano. Hiyo ni gia ya TPC, ya tambarare. Kama kwako ni Uru, mwambie fundi akutafutie friwili ya meno 22. Mzunguko unashuka hadi karibu mita nne na nusu, na kuondoka kunakuwa kwepesi kwa karibu moja ya tano. Utapoteza kasi kidogo kwenye tambarare, lakini jiulize, wewe unachelewa zaidi wapi?

Halafu ipo ile mbinu ya wazee, ya kudandia. Mguu wa kushoto juu ya pedeli, wa kulia unapiga chini hatua tatu nne, baiskeli ikishachanganya ndipo unazungusha mguu juu ya siti. Vijana wanaicheka, wanaona ya kizamani. Ukweli ni kwamba wazee wametengeneza gia namba moja kwa kutumia mguu. Baiskeli inapofika kwenye pedeli tayari ina mwendo, kile kipande kigumu kimeshapita. Ila usiifanye mbele ya gari. Kwenye kipilefti, shuka, sukuma, vuka, halafu dandia ng'ambo.

KIKOSI CHA KUANZA

Tuipange kama kocha anavyopanga ubaoni.

Kwanza, pedeli. Kabla ya kuondoka, rudisha pedeli ya mguu wako wenye nguvu ikae mbele na juu kidogo, pale penye namba 2 kwenye saa ya ukutani ukiitazama baiskeli kwa upande wa kulia. Kwa baiskeli isiyo na breki ya miguu, unairudisha kwa kuizungusha nyuma kwa unyayo. Pedeli ikiwa chini, huna mpira wa kupiga.

Pili, breki. Kwenye kilima shikilia breki hadi mguu uanze kusukuma, kisha achia. Ukiachia mapema, unaanza kwa kurudi nyuma.

Tatu, macho. Angalia unakokwenda, siyo kwenye gia. Gia ulishaimaliza kabla ya kusimama.

Nne, siti. Kwenye kilima kaa mbele kidogo ya siti, inamisha kifua. Ukiwa na mzigo nyuma na gia nyepesi, ukijivuta nyuma tairi la mbele linanyanyuka na usukani unakosa kazi.

Tano, panda gia taratibu. Miguu ikianza kuzunguka bila kusikia kitu, ongeza moja. Ikianza tena, ongeza nyingine. Pasi fupi fupi, usibutue.

Na ukijisahau, ukasimama na gia nzito? Usilazimishe. Kama huna mzigo, shuka, nyanyua siti kwa mkono mmoja tairi la nyuma lielee, weka gia nyepesi, zungusha pedeli kwa mkono mwingine hadi mnyororo uhame. Sekunde tano tu. Kama una mzigo, sogea pembeni, sukuma hadi mahali palipolala. Kilima kikiwa hakina magari, unaweza pia kuondoka kwa kukata barabara kimshazari, mwinuko unapungua.

GOTI HALINA SUB

Kuna wachezaji wa mchangani wanaoamini gia nzito inajenga paja. Mazoezi ya nguvu yapo, lakini yana mpangilio, yana kupasha na kupumzika. Kulilazimisha goti lililopoa, mara ishirini kwa siku, kusukuma mzigo ambao haliuwezi, ni kulichosha bure. Presha inakwenda kwenye mshipa ulio chini ya kifuniko cha goti, ile sehemu ambayo wapigaji na waruka vichwa wanaililia kila msimu.

Angalia mchezaji anayerudi baada ya upasuaji wa ACL. Miongoni mwa vitu vya mwanzo anavyopewa ni baiskeli ya mazoezi, tena ikiwa imelegezwa kabisa. Wataalamu hawampi nzito, wanampa nyepesi azungushe, goti lilainike, msuli uamke. Kama wanafanya hivyo kwa mchezaji wa mamilioni, kwa nini wewe mwenye mechi ya ndondo Jumapili ulipige goti lako shoka kila kona?

Baiskeli nayo inaumia. Ukiondoka na gia nzito kila siku, mnyororo unavutika, meno ya sproketi yanachongoka, na pini ya krenki inalegea hadi pedeli inacheza. Hizo zote ni pesa za fundi.

Wiki hii fanya jaribio moja. Usibadilishe baiskeli, usinunue kitu. Kila ukiona unakaribia kusimama, bonyeza mara mbili mkono wa kulia kushusha gia miguu ikiwa bado inazunguka, halafu ndiyo breki. Siku mbili za kwanza utasahau. Siku ya tatu kidole kitakwenda chenyewe. Ikifika Jumapili, ukafika uwanjani na mapaja bado mabichi, kocha atadhani umepata dawa, na wewe usimwambie mpaka mechi iishe.